Zimwi la Katuni Kihambani

Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi za msimu huu zilihusu ada na sare, kama ilivyo kila Januari. Nimeziweka kando kwa toleo hili ili nijibu tatu zinazohusu katuni za watoto, hasa zile zinazosimulia marafiki wanaopambana na hofu zao.

Shikamoo Bibi. Ninaishi Njiro, Arusha. Mwanangu wa kwanza ana miaka 5 na anapenda mno mfululizo mmoja wa katuni wenye sauti za Kiswahili, unaohusu marafiki wanne: sungura, kobe, ngedere na kindege. Kila kipindi wanakutana na jambo la kuwaogofya, kisha wanalishinda kwa kushikamana. Mwezi wa Novemba kobe alikataa kuingia pangoni kwa sababu ya ngurumo iliyotoka gizani. Mwishoni wenzake waliingia pamoja naye, wakakuta popo mchanga aliyepotezana na mama yake, na ile ngurumo kumbe ilikuwa mwangwi wa kilio chake. Tangu usiku ule mwanangu haendi chooni peke yake. Desemba tulipanda kwetu Old Moshi kwa Krismasi, na kwa kuwa nyumba ya wazee iko juu, karibu na msitu, usiku perere, wale wanyama wadogo wa mitini, walipoanza kulia mtoto alipiga yowe akisema zimwi la pangoni limemfuata hadi kwa bibi yake. Kaka yake wa miaka 8, mtoto wa baba mkubwa, ambaye alitazama kipindi kilekile akiwa kwenye kochi lilelile, alicheka mpaka akakaa chini. Mume wangu anasema katuni zifungwe. Mama mkwe anasema mtoto amedekezwa. Je, nimfungie, au nimwache hadi azoee? — Mama J., Njiro

Marahaba, mwanangu.

Usimfungie, wala usimwache azoee peke yake. Mume wako ameona kweli kwamba hofu imeingilia kwenye runinga, na mama mkwe wako ameona kweli kwamba mtoto hana budi kutembea gizani siku moja. Lakini naona kila mmoja ameshika ncha yake ya kamba anavuta, na katikati yupo mtoto ambaye hakuna aliyemuuliza aliona nini.

Tuanzie hapo, kwenye alichokiona. Watoto wawili wamekaa kochi moja, wametazama kipindi kimoja, na hawakuona kitu kimoja. Katika miaka ya 1980 mtafiti wa Marekani aitwaye Joanne Cantor, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alilichunguza jambo hili pamoja na wenzake kwa kutumia tamthilia ya runinga ya The Incredible Hulk, ambamo mtu mpole hugeuka jitu la kijani lenye misuli ya kutisha, na jitu hilo huja kuwasaidia wanaoonewa. Watoto ambao hawajafikia umri wa kuanza shule waliogopa zaidi pale mtu alipokuwa akigeuka, na wema wa jitu haukuwatuliza. Wale wakubwa zaidi walikwisha kuelewa kwamba huyu aliyevimba ndiye mwokozi, kwa hiyo wakatulia. Mtoto mdogo huliamini jicho lake na sikio lake kabla ya maelezo. Mwanao amesikia ngurumo na ameona giza. Habari ya popo mchanga ni maelezo, tena yamekuja mwishoni.

Nakuomba ufanye jambo dogo. Kitafute kipindi hicho, ukae nacho peke yako na saa mkononi, uhesabu ni dakika ngapi zimetumika kujenga hofu na ni dakika ngapi zimetumika kuibomoa. Vipindi vingi vya katuni za watoto havizidi dakika 11 hivi, na mara nyingi utakuta hofu imepewa saba au nane, wakati kuungana kwa marafiki na kugundua ukweli vimesukumwa katika mbili za mwisho, wimbo wa kufungia ukiwa umekwisha kuanza kupigwa. Mtu mzima hulipima jambo kwa mwisho wake. Mtoto wa miaka 5 huondoka na kile alichokaa nacho muda mrefu. Na hapo sijazungumzia umeme, maana ukikatika dakika ya sita, kobe atabaki mlangoni mwa pango usiku kucha, na mwanao atabaki naye.

Lipo jaribio moja ambalo huwa nalikumbuka kila ninapopokea barua kama yako. Mwaka 2008 Marie-Louise Mares na Emily Acosta, wa chuo hichohicho cha Wisconsin, walitangaza matokeo ya kuwaonesha watoto wa umri wa mwanao kipindi kimoja cha katuni ya Clifford the Big Red Dog, ile ya mbwa mkubwa mwekundu na rafiki zake. Katika kipindi hicho mbwa hao wanakutana na mbwa mwenye miguu mitatu, wanaogopa, wanamkwepa, na baadaye wanatambua kwamba ni mwenzao kama mbwa wengine. Watunzi walikusudia kufundisha kwamba asiyefanana nasi asitengwe. Watoto walipoulizwa wamejifunza nini, wengi hawakulitaja fundisho hilo, na baadhi ya waliolikaribia walisema kwamba tuwe wema kwa mbwa wenye miguu mitatu. Nilipolisoma mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka miaka niliyofundisha chekechea nikimaliza kila hadithi kwa kuuliza "tumejifunza nini?", na watoto wakinijibu kwa sauti moja maneno niliyokuwa nimewawekea mdomoni mwenyewe.

Kwa hiyo usitegemee kwamba mwanao, kwa kuwa aliona marafiki wakimshika kobe mkono, amejifunza kwamba rafiki huondoa hofu. Huenda amejifunza tu kwamba mapangoni kuna kitu kinachonguruma.

Hata hivyo, watunzi wa katuni hiyo hawakukosea katika kuchagua dawa. Wamekosea katika kipimo. Kwamba rafiki hupunguza hofu si maneno ya kupendezesha hadithi. Ni jambo lililojaribiwa zamani. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, huko Marekani, aliandika habari za mtoto aitwaye Peter, ambaye hakuwa ametimiza miaka 3 na aliyemwogopa sungura kiasi cha kulia akimwona tu. Jones hakumwambia kwamba sungura hana neno. Alimleta sungura akiwa ndani ya tundu, akamweka mbali, akamsogeza kidogo kidogo siku baada ya siku wakati Peter akila kitu anachokipenda, na mara nyingine akawaleta watoto wenzake wasiomwogopa sungura wacheze hapohapo. Mwisho Peter alimwacha sungura amng'ate-ng'ate vidole. Lakini katikati ya safari mtoto huyo aliugua, akalazwa karibu miezi 2, na siku ya kutoka hospitalini mbwa mkubwa aliwarukia yeye na muuguzi walipokuwa wakipanda teksi. Aliporudi, hofu ya sungura ilikuwa imerudi nayo, ikabidi waanze upya. Nakueleza hili ili mwanao akiwa ameshaweza kwenda chooni wiki nzima, kisha akagoma kwa sababu paka ameangusha sufuria usiku, usimwambie baba yake kwamba kazi yote imepotea.

Miaka 40 na ushee baadaye, mwaka 1967, Albert Bandura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwachukua watoto wa miaka 3 hadi 5 waliokuwa wakiogopa mbwa, wakawaonesha mtoto mwenzao akicheza na mbwa kwa dakika chache katika nafasi nane zilizogawanywa kwa siku nne, kila mara akimsogelea zaidi. Takriban theluthi mbili ya waliomtazama waliweza baadaye kubaki peke yao na mbwa ndani ya kizuizi cha kuchezea. Mwaka uliofuata Bandura akajaribu kwa filamu badala ya mtoto aliye mbele yao. Filamu nayo ilisaidia, na ilisaidia zaidi ilipoonesha watoto kadhaa na mbwa wa ukubwa mbalimbali kuliko ilipoonesha mtoto mmoja na mbwa mmoja. Ila kwa ile hatua ngumu ya kubaki peke yako na mbwa, mtoto aliye hai alikuwa na nguvu kuliko filamu ya mtoto mmoja.

Sasa rudi Old Moshi. Wewe unaye mtoto aliye hai wa miaka 8, asiyeogopa perere, anayependwa na mwanao, naye amekaa chini anacheka. Huyo ndiye unayemhitaji kuliko rimoti.

Mwite kando, umpe kazi. Mwambie kwamba yeye ndiye mjuzi wa perere katika nyumba hii na kwamba mdogo wake atajifunza kwake, kisha mkaanze mchana. Mchana wamtafute perere mtini, na hata wasipomwona, wauone mti wenyewe wenye tundu ambamo hulala. Mwelezeni mtoto kwamba mnyama huyu ana ukubwa wa sungura, ana manyoya ya kahawia na hana mkia wa kuonekana, hula majani, na kwa ukoo yuko karibu na tembo kuliko panya. Hilo la tembo watoto hulipenda sana. Jioni, jua likiwa bado halijazama, watembee wawili kutoka mlango wa jiko hadi mgomba wa kwanza, warudi. Kesho yake hadi wa tatu. Giza likiingia wapewe tochi, na tochi ishikwe na mdogo, kwa kuwa anayeogopa ndiye anayehitaji kuamua mwanga uelekee wapi. Perere akianza kulia, na wewe unajua sauti hiyo, huanza kama bawaba ya mlango isiyopakwa mafuta, ikapanda, ikapanda, mpaka ikawa yowe la mtu anayenyongwa, usimwambie mtoto kwamba hakuna kitu. Kitu kipo, amekisikia kwa masikio yake, na ukikikana atakuona wewe ndiye usiyejua. Mwambie: "Ndiyo, nimemsikia. Ni perere dume, anawaambia wenzake kwamba mti huu una mwenyewe." Kisha mwache kaka yake aige sauti ile.

Mimi nimekulia upande wa Uru, na kazi yangu ya jioni ilikuwa kuteka maji mferejini, ng'ambo ya migomba. Dada yangu alinitangulia nikiwa nimeshika ncha ya kanga yake. Hakuwahi kuniambia nisiogope. Aliniambia nihesabu migomba, na siku niliyofikisha hesabu bila kukosea niligundua kwamba haifiki hata 40, wakati siku zote nilidhani ni msitu.

Kuhusu runinga yenyewe, kitazameni kipindi cha pango tena, safari hii mkianzia mwishoni. Muoneshe kwanza popo mchanga na mama yake, amzoee, amcheke, kisha rudini mwanzo ili aisikie ngurumo akiwa tayari anajua ni ya nani. Najua hilo linaharibu hadithi. Haidhuru, watoto wa umri huo hufurahia kujua jambo ambalo kobe bado hajalijua. Vipindi vipya asivitazame saa ya kulala, na asivitazame peke yake wakati wewe uko jikoni; akitaka kufumba macho au kukumbatia mto, mwache, kwa kuwa Cantor na wenzake waliona kwamba kwa wadogo mambo kama hayo hutuliza kuliko maneno, na kwamba maelezo ya "hii si kweli" huanza kufaa kwa wakubwa zaidi.

Hofu ya giza katika miaka 3 hadi 6 ni ya kawaida kabisa, na kwa watoto walio wengi huondoka yenyewe wakikua. Ikiwa miezi 6 itapita na bado hofu inamnyima usingizi au inamzuia kwenda shule, mpeleke hospitali na uombe kuonana na watu wa afya ya akili kwa watoto, bila kuona aibu. Kuhusu kudekezwa, mwambie mama mkwe wako kwa heshima zote kwamba mjukuu anayepelekwa mgombani kila jioni hadekezwi hata kidogo.

Salaam Bibi. Mwanangu yuko darasa la pili hapa Moshi, Kiborloni. Yeye na rafiki yake walikuwa hawaachani, lakini tangu waanze kutazama katuni yenye kobe mwoga, mwanangu anamwita mwenzake "Kobe" kwa sababu anaogopa mbwa. Mama yake anataka nimwadhibu. Mimi naona wavulana huimarishana kwa utani. Unasemaje? — Baba wa Kiborloni

Nasema kwamba utani ni wa watani, na huyu mtoto hajapewa nafasi ya kutania naye. Sioni haja ya adhabu, ila usikae kimya.

Katuni za marafiki zina kasoro hii ya zamani: katika kundi huwekwa mmoja wa kuogopa ili wengine wacheke. Si lazima iwe hivyo. Scooby-Doo, iliyoanza kuoneshwa Marekani mwaka 1969, mwoga wake ndiye aliyebeba jina la mfululizo. Mbwa yule na rafiki yake Shaggy hutetemeka kila wakati, hukubali kwenda baada ya kuahidiwa vitafunio, na bado hao ndio watoto huwapenda kuliko wale majasiri ambao majina yao huchelewa kukumbukwa. Tena mwishoni zimwi huvuliwa barakoa, na ndani anakutwa mtu tu.

Mkalishe mwanao, umuulize swali hili: pangoni, nani alikuwa jasiri? Atakujibu sungura, kwa sababu aliingia wa kwanza. Muulize kama sungura alikuwa anaogopa. Atasema hapana. Basi mwache alifikirie mwenyewe, usimmalizie, kwamba sungura ameingia mahali asipopaogopa, wakati kobe ameingia huku miguu inamtetemeka.

Halafu umpe kazi kama niliyompa yule kaka mkubwa wa Old Moshi. Tafuteni mbwa mmoja mtulivu, aliyefungwa, aliyechanjwa, mwenye mwenyewe mnayemfahamu, na mwanao amchezee huku rafiki yake akitazama kutoka mbali atakapochagua yeye. Asivutwe mkono. Nasisitiza aliyechanjwa, kwa kuwa kichaa cha mbwa kipo nchini mwetu na kinaua. Mtoto anayemkwepa mbwa asiyemjua mtaani amefanya lililo sawa, na mwanao anayemcheka kwa hilo ndiye wa kuonywa. Jina la "Kobe" likiendelea baada ya hapo, mwenye jina aulizwe kama analipenda. Akisema analipenda, ninyi wakubwa mtoke.

Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha darasa la awali nje kidogo ya Arusha, upande wa Ngaramtoni. Nina watoto 52, kompyuta mpakato moja na projekta ya kuazima mara moja kwa wiki. Ningependa kuwaonesha katuni ya urafiki na ujasiri ambayo si ya ugenini. Ipo? — Mwalimu wa Awali

Marahaba, Mwalimu mwenzangu. Ipo, tena ya jirani. Akili and Me hutengenezwa na Ubongo ya Dar es Salaam, walewale wa Ubongo Kids iliyoanza kurushwa mwaka 2014, na mhusika wake mkuu ni Akili, mtoto wa kike wa miaka 4 anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Usiku akilala huingia katika nchi ya ndotoni, ambako yuko na marafiki wanyama, akiwamo simba mdogo, kiboko na komba, na huko hujifunza herufi, namba na namna ya kuzitambua hisia zao. Mimi naipenda kwa sababu ya huyo komba. Kwetu komba ni sauti ya mtoto anayelia gizani juu ya mti, na kizazi changu kilifunikwa blanketi kwa ajili yake. Hawa wa sasa wanamjua kwanza kama rafiki wa kucheza naye.

Ukiwa na watoto 52 usioneshe vipindi vitatu mfululizo ili kuifaidi projekta. Onesha kimoja. Simamisha pale mhusika anapoogopa au anapohuzunika, washa taa, uulize: "Sasa anajisikiaje?", halafu "Ungekuwa rafiki yake, ungefanya nini?" Usiulize wamejifunza nini. Wawili wawili wasimame waigize kile walichosema, kwa dakika tano tu, kisha zima taa mmalizie. Darasa la idadi hiyo haliwezi kuigiza lote kwa siku moja, kwa hiyo weka orodha ya zamu, na wiki ijayo anza na wale waliokaa nyuma, kwa kuwa kwa uzoefu wangu anayeogopa hukaa karibu na mlango.